Baba alitoa shamba la zahanati, kazi ya mlinzi ikapewa mtu wa nje. Tuna haki gani?

SWALI: Habari wakili. Marehemu baba yetu alitoa ekari moja ijengwe zahanati, na kwa baraza chifu na diwani wa wakati huo wakaahidi mtoto wake mmoja ataandikwa mlinzi. Sasa kaunti imetangaza kazi, mdogo wangu akaomba, wameandika mtu wa wadi nyingine. Mama anasema tufunge geti mpaka watuskize. Sheria ya Kenya inasemaje?

JIBU: Poleni sana, ila kwanza mwambieni mama aweke hiyo kufuli chini, wagonjwa hawajawakosea na mkifunga geti nyinyi ndo mtajikuta kituoni mkiandika statement.

Sasa tuseme ukweli hata kama unauma. Kazi ya kaunti si ya chifu kuahidi, wala si ya diwani, wala hata gavana hawezi kuitoa hivo mdomoni. Katiba kifungu cha 232 inataka watu waajiriwe kwa ushindani wa haki na kwa kustahili, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaiambia Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti itangaze nafasi ziwafikie watu wengi iwezekanavyo. Hakuna mahali imeandikwa aliyetoa shamba apewe alama za ziada. Na hiyo ya "mtu wa nje" msiipeleke mbali, sheria hiyohiyo inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasio wa kabila lenye wengi kwenye kaunti, kwa hivyo mkienda na hoja ya "sisi ndo wenyeji" mtaangushwa asubuhi tu.

Lakini hiyo haimaanishi hamdai kitu, na hapa ndo familia nyingi zinapotea, zinachanganya deni la shamba na mambo ya kazi mpaka zinakosa yote mawili. Shamba lidaiwe kama shamba. Nendeni ofisi ya ardhi mfanye search, muone taito iko kwa jina la nani, kwa sababu mashamba mengi ya zahanati na shule yalitolewa kwa mdomo tu na mpaka leo yako kwa jina la marehemu. Mkataba wa ardhi kwa sheria yetu lazima uwe wa maandishi, umewekwa sahihi mbele ya shahidi, na hiyo inakata pande zote mbili: ahadi ya baraza haiwasaidii nyinyi sana, na kaunti nayo ikikosa karatasi haina raha. Kama haikuwa zawadi ya hiari, kama serikali ilichukua tu, kifungu cha 40 cha Katiba kinataka fidia ya haki. Kama alitoa kwa moyo wake, basi ni zawadi, na hapo mnaweza kuomba kutambuliwa, zahanati iitwe jina lake kwa mfano, lakini si kudai mshahara. Fungueni succession, yaani kesi ya mirathi ya marehemu, kama hamjafungua, bila hiyo hakuna atakayewaskiza, na msikae sana, kwa sababu madai ya kurudishiwa ardhi yana kikomo cha miaka 12 na mawakili wa kaunti watauliza hilo kabla ya salamu.

Pia kuna tenda, hii watu hawaifikirii. Kaunti inatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya manunuzi yake kwa wakazi wake, kwa hivyo kufyeka nyasi, fensi, kuzoa taka, sajilini kikundi muombe.

Kuhusu mdogo wako, swali langu ni kama usaili ulikuwa wa haki, si kama baba alitoa shamba. Aandikie bodi kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016 aombe vigezo na alama zake, wana siku 21 kujibu. Akiona kuna mchezo, akate rufaa Tume ya Utumishi wa Umma, kwa maandishi, ndani ya siku 90 tangu uamuzi. Barua iende wiki hii, maana hizo 21 zinakula ndani ya hizo 90.