Maswali ya Wasomaji: Peke Yako Milimani, Juu ya Farasi wa Lesotho

Nataka kwenda Lesotho peke yangu, nipande farasi siku nne milimani. Mnyama pekee niliyewahi kumpanda ni punda, mara moja tu, Lamu. Nianzie wapi? – Msomaji wa kike, Mombasa

Dada, anza kwa kupunguza hizo siku nne. Njia unayoifikiria bila shaka ni ile inayoanzia Malealea, ikapita maporomoko ya Ribaneng na Ketane, ikaishia Semonkong, karibu na maporomoko ya Maletsunyane yenye urefu wa mita 192. Ni njia nzuri mno, lakini kila siku unakaa kwenye tandiko kwa saa nyingi, na asiyezoea huanza kuumwa mapaja na magoti baada ya saa mbili tu. Chukua masomo kwanza. Nairobi na Arusha kuna vituo vya kujifunzia. Ukiweza kukaa saa mbili mfululizo, ukasimamisha farasi na kumgeuza mwenyewe, Lesotho panga siku moja, pumzika, kisha panga safari ya kulala usiku mmoja kijijini. Siku nne ziamue ukiwa huko huko.

Nenda Machi hadi Mei, au Septemba hadi Novemba. Juni hadi Agosti ni baridi kali, na theluji huanguka milimani. Desemba hadi Februari mvua za radi hupiga mchana na mito hujaa ghafla. Ndiyo maana hatumshauri mtu yeyote aende bila mwongozaji. Kusafiri peke yako maana yake umejipangia mwenyewe na unajiamulia mwenyewe. Mwenye kuijua mito na vijia vya kule bado unamhitaji.

Pesa: rand ya Afrika Kusini hupokelewa kote nchini kwa thamani sawa na loti, sarafu ya Lesotho, ila loti ukivuka nazo mpaka zitakusumbua, kwa hiyo zimalize kabla ya kutoka. Kwa kuwa unatoka Kenya na utapitia Afrika Kusini, beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Vaa viatu vyenye kisigino cha sentimita mbili hivi. Raba bapa huteleza, mguu ukapenya kwenye kikuku, ile pete ya kukanyagia inayoning'inia kwenye tandiko, hadi kifundoni, na ukianguka unaburutwa. Suruali isiwe na mshono mnene ndani ya mapaja. Kofia ngumu ya kupandia beba ya kwako, maana huna hakika ya kupata inayokutosha.

Watu husema farasi anaijua hofu yako. Ni kweli, au ni maneno ya kupamba? – Msomaji, Morogoro

Ni kweli, na lina sababu. Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Macho yake yako kando ya kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia. Uhai wake hutegemea kusoma miili ya wenzake: mmoja akikakamaa, wote hujiandaa kukimbia. Ukimpanda, mwenzake ni wewe. Utafiti wa Sweden uliochapishwa 2009 uliwaambia watu kwamba mwavuli ungefunguliwa ghafla farasi wao akipita. Mwavuli haukufunguliwa, lakini mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi vilevile.

Kwa hiyo kumwambia "tulia" huku umeshika hatamu kwa nguvu ni kumdanganya, naye hadanganyiki. Anza na mwili wako: toa pumzi ndefu hadi mabega yashuke, legeza magoti, tazama mbali mbele badala ya kutazama masikio yake. Hapo ndipo uombe unachotaka.

Na kuomba kuna utaratibu. Kandamiza kidogo kwa mashavu ya miguu, ngoja kama sekunde mbili, ongeza kidogo. Akipiga hata hatua moja, acha mara moja. Farasi hujifunza pale shinikizo linapoondoka. Ukiendelea kumbana baada ya kutii, unamfundisha kwamba kutii hakuna faida, na kesho atakuwa mzito zaidi. Hili ndilo somo tunaloliona la thamani kuliko yote kwa msafiri wa peke yake, maana njiani utaomba mambo mengi kwa watu usiowajua. Sema mapema, sema kwa upole na kwa uwazi, na ukishakubaliwa, usiendelee kusukuma. Kule Lesotho salamu hutangulia: *Lumela ntate* kwa mwanamume, *Lumela 'm'e* kwa mwanamke. Aliyelelewa kwa shikamoo hatapata shida.

Naogopa miteremko. Nifanye nini? – Msomaji, Kisumu

Kaa wima, visigino chini, mpe hatamu ndefu ili ashushe kichwa na kuona anapokanyaga. Kosa la kawaida ni kuvuta: kichwa kikiinuka, anapoteza mizani. Farasi wa Wabasotho, wenyeji wa Lesotho, wamezaliwa kwenye milima ya mawe. Mwachie achague njia. Kupanda mlima, inama mbele kidogo na ushike singa za shingo yake, usijishikize kwenye hatamu. Usizungushie hatamu mkononi hata siku moja.

Nitajuaje farasi niliyepewa yuko sawa? Nikiwa peke yangu naona haya kulalamika. – Msomaji wa kike, Dodoma

Haya hiyo iache nyumbani, dada, kwa sababu anayeumia kwa ukimya wako ni mnyama pia. Mkaribie kutoka upande wa bega la kushoto, zungumza kabla ya kumgusa. Omba tandiko liondolewe, kisha pitisha kiganja mgongoni kuanzia juu ya mabega. Akishtuka, akilaza masikio nyuma, au ukigusa kidonda au uvimbe, huyo hafai leo. Mwangalie akitembea kwenye ardhi ngumu: kichwa kikiruka juu kila mguu mmoja wa mbele unapotua, anachechemea. Uzito nao una hesabu: wewe, tandiko na mizigo msizidi moja ya tano ya uzito wake. Farasi wa kilo 400 anabeba kilo 80, basi.

Mkanda wa tumbo ukaze kabla ya kupanda, ukaze tena baada ya dakika kumi za mwendo, kwa kuwa farasi wengi hukaza misuli na kutanua kifua wanapofungwa na baadaye hulegea. Mkanda ukilegea, tandiko linazunguka nawe.

Ukiona kasoro, sema kabla ya kulipa: "Ntate, huyu ana kidonda, naomba mwingine." Akikosekana mwingine, ahirisha hadi kesho au tembea kwa miguu; kutoka Semonkong hadi Maletsunyane ni kilomita chache tu.