NAD sio homoni ya ujana
Hapana ndugu unayeuliza kama umnunulie mama yako vidonge vya kuongeza NAD, hiyo NAD wanayoiita homoni ya ujana wala sio homoni, ni koenzaimu, yaani kisaidizi cha vimeng'enya, na mwili unaitengeneza wenyewe, hasa kutoka vitamini B3. Kazi yake kubwa ni kubeba elektroni, yaani chakula kikishavunjwa ndani ya seli inazipokea inazipeleka mitokondria, sehemu ya seli ambako ndo ATP, yaani nishati ya seli, inatengenezwa, halafu inarudi tupu kubeba tena, kama vijana wa pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, wanavyoshusha gunia la dagaa na kugeuka hapohapo kufata lingine. Pia vimeng'enya vingine vya kukarabati DNA vinaitumia, ila hivyo vinaivunja kabisa, inabidi itengenezwe upya. Inapungua uzeeni kwenye tishu kadhaa, hilo kweli, na hivyo vidonge vinaipandisha kwenye damu, ila kwamba vinamrefushia binadamu maisha haijathibitishwa. Mi nafundisha baiolojia kidato cha sita huku Nyegezi na hili naulizwa sana. Tafadhali usimnunulie mama vidonge hivyo, samaki na karanga zina B3 nzuri tu, ila asile ugali mtupu maana B3 ya mahindi imefungwa, mwili hauipati vizuri.