Stika ya bima haijengi ukuta wa jirani

*Salaam aleikum, mama. Nina miaka 23, naishi Kibuli, Kampala. Nimesoma wiki tatu kwenye shule ya udereva na leseni ya mwanafunzi ninayo, ila kusema kweli bado natetemeka hata nikiambiwa nirudi rivasi. Mjomba amekubali nifanyie mazoezi kwenye Toyota Noah yake kila Jumapili. Anasema stika ya bima ipo kiooni, kwa hiyo hakuna shida. Mke wake hataki kabisa: anauliza nikigonga kitu nani atalipa. Halafu binamu zangu wananicheka, eti nikibandika kibao cha L bodaboda watanisumbua. Mwenye haki ni nani? – Binti wa Kibuli*

Waalaikum salaam, binti yangu. Mwenye haki ni mke wa mjomba. Mfikishie salamu zangu.

Stika ile ya kiooni ni bima ya mtu wa tatu, na sheria yake ni ya mwaka 1989. Gari la mtu binafsi likitembea barabarani Uganda lazima liwe nayo, lakini kazi yake ni moja: ukimgonga mtu akaumia au akafa, yeye au watu wake wadai fidia. Basi. Bodi ya Noah haiinyooshi, ukuta wa jirani haiujengi, na taa ya gari la mbele hainunui.

Hilo sikulisoma kitabuni. Miaka ile nilikuwa bado nafundisha udereva, nikampa mtoto wa dada yangu gari langu dogo tukazunguke nyuma ya uwanja wa shule, Jinja. Alikuja na malapa miguuni, nikaona nikimkemea nitamvunja moyo. Kwenye kona lapa likateleza likaingia chini ya pedali ya breki. Mtoto akababaika, akakanyaga mafuta. Mbele yetu kulikuwa na kijana anayeuza rolex, ile chapati ya kuviringishwa na mayai. Yeye aliruka, alhamdulillahi, ila meza yake haikuruka. Trei nzima ya mayai, ndoo ya unga uliokandwa, sigiri na makaa yake, mwavuli: vyote vikalala chini ya bampa. Nikaenda kwenye bima na stika yangu mkononi kama mtu aliyebeba cheki. Bibi wa dirishani akaniuliza swali moja tu: «Kuna mtu ameumia?» Nikasema hapana. Akanirudishia karatasi zangu. Mayai nililipa mimi, meza nililipa mimi, na bampa likakaa limefungwa kwa waya mpaka Krismasi.

Kwa hiyo muulize mjomba: ana bima kubwa, ile inayolipa hata gari lake na mali ya watu, au ni hiyo stika peke yake? Kama ni stika peke yake, mkae nyumbani mkubaliane mapema, mke wake akiwepo, kwamba mkiharibu mali ya mtu pesa zitatoka mfuko gani. Kama anayo bima kubwa, mkataba asiuache kabatini. Atafute panapoeleza dereva. Mikataba mingi inataka anayeendesha awe na leseni halali na awe na ruhusa ya mwenye gari. Sasa, je, leseni ya mwanafunzi wanaihesabu? Kampuni nyingine huikubali lakini humwongezea mwenye gari sehemu ya hasara anayojilipia mwenyewe, kwa kuwa dereva ni mchanga. Apige simu aulize, kisha aombe jibu kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha. «Ndiyo» ya mdomo hukuti aliyeisema siku ya ajali.

Na leseni ya mjomba mwenyewe mmeitazama? Za kwetu hutolewa kwa mwaka 1, miaka 3 au 5, na wazee husahau. Anayekusimamia lazima awe na leseni hai ya aina hiyo ya gari na akae kiti cha pembeni yako, siyo nyuma na gazeti.

Sasa lile linalonitia wasiwasi zaidi. Gari la shule lina breki mbili, yako na ya mwalimu. Noah ina moja. Utasema kuna breki ya mkono. Noah nyingi nilizoziendesha breki hiyo hukanyagwa kwa mguu, na iko upande wa dereva. Mjomba akiwa kushoto hata ajinyooshe vipi haifikii. Kinachobaki kwake ni mkono wa gia, kuutoa D ya kwenda mbele na kuurudisha N, gia huru. Kabla hamjatoka, gari likiwa limezimwa, mwambie anyooshe mkono ajaribu. Akiona hafiki, tafuteni gari jingine lenye breki ya mkono katikati ya viti. Na wewe vaa viatu vyenye kisigino kinachoshika!

Mahali pa kuanzia pasikusumbue kichwa. Mko jirani na Industrial Area, eneo la viwanda. Jumapili saa moja asubuhi malori yamelala, barabara ni pana, kona ni za wazi. Mkirudia hapo mara nne au tano mguu wako utaacha kutetemeka. Mlima wa msikiti hapo Kibuli usiuguse kwanza. Kupandisha ukisimama katikati ya mlima, bodaboda anakuja kusimama shubiri moja nyuma yako na abiria wawili, na gari likirudi nyuma kidogo tu, stika ya mjomba itapata kazi yake.

Kibao cha L bandika, mbele na nyuma, herufi nyekundu juu ya nyeupe. Ni sheria, na usipokibandika unampa mtu wa bima sababu ya bure ya kubishana nawe. Bodaboda atapiga honi, ndiyo. Atampigia honi hata waziri. Mjomba akishika usukani kurudi nyumbani, kiondoeni.

*Mama, nina gari langu. Mwalimu wa shule anataka kunifundisha jioni kwa gari hilo kwa bei nafuu. Bima ya shule inatuhusu? – Msomaji, Mbale*

Haiwahusu. Bima ya shule imeandikiwa magari ya shule, na jioni hiyo mwalimu wako ni rafiki tu aliyekaa kiti cha kushoto. Piga simu kwa bima yako mwenyewe, maswali ni yaleyale niliyompa binti wa Kibuli. Ile bei nafuu, toa humo pesa ya breki ya pili ambayo gari lako halina, kisha uniandikie tena uniambie imebaki ngapi.