Homa haijashuka, nimwongezee Panadol?

Dada wa Majengo, umesema masaa mawili yamepita tangu umpe mwanao dawa na bado anachemka, sasa unataka kumwongezea. Usiongeze. Parasetamoli, yaani dawa iliyo ndani ya Panadol, hupimwa kwa uzito wa mtoto: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, dozi zipishane angalau masaa manne, na zisizidi nne kwa siku nzima. Wako ana kilo 12, kwa hiyo miligramu 120 zinamtosha. Kama chupa imeandikwa 120 mg/5 ml, hiyo ni mililita 5, tena kwa kipimo kilichokuja na chupa. Vijiko vya jikoni havilingani hata viwili.

Hiyo dawa ya mafua uliyoitaja, isome lebo kabla hujampa tena. Nyingi zina parasetamoli humo humo, na zikijumlishana ini ndilo linaloumia. (Babu anayemeza vidonge hivyo baada ya mbege, pombe ya ndizi, naye mwambie: ini lake pia.)

Na Panadol hushusha joto tu, malaria haiigusi. Mmetoka kushinda kule tambarare ya TPC, mashamba ya miwa kusini mwa Moshi yenye malaria, basi apimwe leo. Akigoma kunywa, akitapika kila kitu, akilegea au akipata degedege, mkimbize hospitali usiku huo huo.