Simbilisi anayejikuna na kutoka mba: kabla hujaongeza mafuta, tafuta kinachomla

Ndugu yangu wa Igoma, salaam. Umeeleza kwamba simbilisi (guinea pig) wako jike, ambaye unaamini ana mimba, anajikuna usiku na mchana tangu mwanzoni mwa Julai, kwamba ngozi ya mgongo wake imekauka na kutoa magamba kama unga wa muhogo, na kwamba umekuwa ukimpaka mafuta ya mgando kila jioni kwa sababu uliambiwa ni upepo wa kiangazi unaomkausha. Swali lako ni mafuta gani yanafaa zaidi. Jibu langu ni kwamba hakuna mafuta yatakayomponya, na naomba univumilie nieleze kwa kirefu, kwa kuwa kosa hilo nimelifanya mwenyewe na lilinigharimu mnyama.

Nilianza kufuga mwaka 2017 hapa Kitangiri, Mwanza, na simbilisi wawili walioletwa na shemeji yangu kutoka Iringa. Miaka miwili baadaye walikuwa tisa, wote katika banda moja la mbao nyuma ya jiko. Kiangazi cha mwaka 2019 jike mmoja, ambaye watoto walimwita Shaba kwa rangi yake, alianza hivyohivyo unavyoeleza. Nami nilisema ni hewa kavu. Nikampaka mafuta ya nazi, magamba yakalainika kwa siku mbili, nikafurahi. Siku ya tatu yakarudi yakiwa mazito zaidi, na vumbi la maranda likawa limegandamana na mafuta kwenye manyoya. Ningefikiri kidogo ningejiuliza kwa nini upepo huohuo ulimkausha yeye peke yake na kuwaacha wenzake wanane, tena katika mji ulio kando ya ziwa.

Baada ya kama majuma mawili nilimshika ili nimpake tena. Nilipomgusa begani kwa kidole kimoja alipinda shingo, miguu ya nyuma ikaanza kupiga hewani, akaanguka ubavu na kutetemeka kwa muda unaotosha kuhesabu hadi ishirini. Mwanangu alipiga kelele kwamba Shaba anakufa. Nilidhani ni kifafa. Sasa ninajua kwamba simbilisi mwenye ukurutu mkali huweza kupatwa na degedege kutokana na mwasho tu, hasa akiguswa pale panapowasha, na ukiona hali hiyo usingoje wiki nyingine.

Dukani nilikokimbilia kuomba ushauri niliambiwa ni bakteria wa ngozi, nikauziwa amoksilini ya maji ya watoto. Nilimpa Shaba, na kwa tahadhari nikampa pia dume mmoja aliyekuwa ameanza kujikuna. Shaba alitema karibu yote. Dume aliimeza vizuri. Siku ya tatu aliacha kula, akaanza kuharisha, na siku ya tano asubuhi tulimkuta amekufa kwenye kona ya banda. Jambo hili naliandika hapa kwa uzito wote nilio nao: penisilini, amoksilini na ampisilini ni sumu kwa simbilisi. Utumbo wake hutegemea bakteria wema wa kuchachusha majani, na dawa hizo zinapowaua, bakteria wengine wabaya huzaliana na kutoa sumu inayommaliza mnyama ndani ya siku chache. Hata ile sindano ya oksitetrasaiklini ambayo kila mfugaji wa ng'ombe na mbuzi Kanda ya Ziwa anaijua inaweza kumletea madhara hayohayo. Mtu yeyote akikuambia umpe simbilisi wako antibayotiki kwa sababu anajikuna, mshukuru na uondoke.

Daktari wa mifugo niliyempelekea Shaba hatimaye hakumwandikia dawa yoyote kabla ya kumkwangua. Alichukua wembe, akaupaka tone la mafuta ya parafini, akakwangua pembezoni mwa kidonda, pale ngozi mbovu inapokutana na nzima, mpaka damu kidogo ikaonekana. Akatandaza uchafu ule kwenye kioo, akatazama kwenye hadubini, kisha akanipisha nami nione. Niliona kitu cha mviringo, cheupe, chenye miguu mifupi kama vishina, kikijivuta polepole, na pembeni yake mayai. Ni utitiri uitwao kitaalamu Trixacarus caviae. Huchimba vijia ndani ya ngozi na kutaga humo, ndiyo maana mafuta unayopaka juu hayaufikii. Ule ukavu unaouona ni ngozi inayojaribu kujikinga kwa kujiongezea magamba. Ukavu ni matokeo, siyo chanzo. Kwako wewe hadubini haiko mbali: ikiwa daktari wa kata yako hana, ulizia Kituo cha Mwanza cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Ujue tu kwamba mkwaruzo mmoja usioonyesha kitu hauthibitishi kwamba utitiri haupo, kwani mara nyingine umejificha ndani zaidi, na daktari mzoefu hutibu kwa kutazama dalili.

Dawa aliyotumia ni ivamektini, ileile inayogawiwa kwa binadamu dhidi ya usubi na matende. Hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa sababu dawa inayouzwa madukani ni ya asilimia 1, yaani kila mililita ina miligramu 10, na imetengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Shaba siku ile alikuwa na gramu 640 kwenye mizani ya jikoni. Daktari alipiga hesabu ya miligramu 0.4 kwa kila kilo ya uzito, akapata takriban miligramu 0.25, ambayo kwa dawa ya asilimia 1 ni mililita 0.025. Hebu fikiria udogo huo. Alitumia bomba la insulini la nusu mililita lenye alama 50, akavuta alama mbili na nusu tu, tone ambalo ungeweza kulipuuza likibaki kwenye ncha ya sindano. Mtu mwingine, siku chache kabla, alikuwa tayari kumdunga nusu mililita nzima, yaani mara 20 ya kipimo hicho. Kwa hiyo sikushauri ununue chupa na kujaribu mwenyewe. Mpime uzito, uandike, uende na namba hiyo kwa daktari, naye atazimua dawa au atatumia bomba dogo linalostahili.

Sindano moja haitoshi. Ivamektini huua utitiri ulio hai lakini haiui mayai, hivyo ni lazima irudiwe ili kuwakamata wanaoanguliwa. Sisi tulirudia kila baada ya siku 10, mara tatu, na tuliwatibu wote wanane waliobaki siku moja, pamoja na wale ambao hawakuwa wakijikuna. Ukimtibu mmoja na kuwaacha wenzake, atarudishiwa na wenzake. Baada ya sindano ya kwanza Shaba alijikuna zaidi kwa siku mbili, nikaogopa, lakini juma la pili alianza kulala usingizi mzito, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa mwezi mzima. Manyoya mapya yalionekana kama vumbi mgongoni mwishoni mwa juma la nne.

Banda nalo ni la kutibiwa. Tulitoa maranda yote na kuyachoma, tukamwaga maji yanayochemka kwenye kila ufa wa mbao, tukaliacha juani siku mbili juu ya mwamba ulio nyuma ya nyumba, ambao mchana wa Julai huwa hauguswi kwa mkono. Tulibadilisha matandiko kila baada ya siku tatu mpaka sindano ya mwisho. Siku hizi natumia majani makavu ya mpunga, ambayo wenzetu wa Magu na Misungwi wanayatupa baada ya mavuno. Nayakung'uta vizuri kwanza, kwa kuwa vumbi lake huwasumbua mapafu. Maranda ya misindano yenye harufu kali nimeyaacha, maana harufu ile huwasha pua na ngozi zao.

Sasa nije kwenye kiangazi, kwa sababu aliyekuambia kwamba kiangazi kinahusika hakukosea kabisa, ila alipotaja upepo ndipo alipokosea. Simbilisi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini. Sungura anaweza, mbuzi anaweza, yeye hawezi, wala hana akiba ya kudumu. Kuanzia Juni mvua zikikatika, nyasi za mabonde yetu hukauka, nasi wafugaji tunahamia kwenye pumba na nyasi kavu. Ndani ya majuma mawili hivi bila majani mabichi mnyama huanza kudhoofika: manyoya yanasimama, ngozi inakauka na kupauka, viungo vinauma hata hataki kutembea, fizi zinatoka damu. Utitiri ambao pengine alikuwa nao kidogo kwa miezi mingi bila shida hupata mwanya. Mwaka ule Shaba na wenzake walikuwa wakila pumba za mahindi kwa muda wa mwezi mmoja na nusu. Daktari aliponiuliza wamekula nini, nilipojibu aliinamisha kichwa, na sikuhitaji maelezo zaidi.

Simbilisi mzima anahitaji miligramu 10 hivi za vitamini C kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na mwenye mimba au mgonjwa hufika 30. Siyo lazima ununue vidonge. Kipande cha pera chenye ukubwa wa kidole gumba kinamtosha, na mapera hayakosekani Mwanza. Pilipili hoho nayo ni nzuri sana, na mchicha na matembele husaidia. Usimwekee vitamini kwenye maji ya kunywa, kwa kuwa huharibika upesi kwa mwanga na kwa chuma, na wengine huyakataa maji yenyewe kwa ladha ile. Lisha pia nyasi nyingi kuliko kitu kingine chochote, na punguza pumba.

Si kila mwasho ni utitiri huu. Ukifunua manyoya juani ukaona vidudu vyembamba vikitembea kwenye nywele zenyewe, hao ni chawa, nao ni rahisi zaidi kutibu. Ikiwa magamba yameanza puani, kuzunguka macho na masikioni, yakiacha vipara vya mviringo visivyowasha sana, shuku fangasi, yaani choa, ambacho ivamektini haikigusi na ambacho huambukiza watoto wanaombeba. Hata utitiri wenyewe huweza kumletea mtu vipele vya kuwasha mikononi na tumboni kwa siku kadhaa, ingawa haudumu kwa binadamu. Binti yangu alivipata kwenye mikono yote miwili, na vilipona vyenyewe baada ya wanyama kutibiwa. Waambie watoto wako wasimpakate kwa sasa, na wanawe mikono kwa sabuni.

Mwenzetu mmoja amekushauri umwekee beseni la vumbi laini ajigaragaze, akisema ameona kwenye video. Mnyama wa kwenye video hiyo nadhani ni chinchila, ndugu wa mbali wa simbilisi. Wote asili yao ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, lakini chinchila ana manyoya mazito sana na vumbi maalumu la kuoga ndilo linalomwondolea mafuta na unyevu. Simbilisi haogi vumbi, na ngozi iliyokwisha kuchubuka ukiitia vumbi unaiongezea mateso. Vilevile naomba sana usikubali oili chafu ya gari wala dawa ya kuogeshea ng'ombe. Najua watu wanawapaka mbwa wenye ukurutu na kusimulia kwamba walipona. Simbilisi hujilamba mwili mzima, na chochote unachompaka mgongoni kitaishia tumboni, kwa mnyama asiyefika hata kilo moja.

Limebaki suala la mimba. Majike wenye mimba kubwa mara nyingine hunyonyoka manyoya ubavuni pande zote mbili bila kujikuna wala kutoa magamba, na hayo hurejea baada ya kuzaa. Lakini wako anajikuna usiku na mchana na kutoa magamba, kwa hiyo hilo silo. Mimba ya simbilisi huchukua siku 59 hadi 72, na kumkimbiza na kumkamata kila jioni ili umpake mafuta kunamtia hofu ambayo inaweza kumfanya aharibu mimba. Acha kumpaka leo. Mshike mara moja tu kesho, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine ukibeba makalio yote, mweke kwenye bakuli juu ya mizani, usome uzito, umrudishe. Mwambie daktari tangu mwanzo kwamba ana mimba na imefikia wapi, ili yeye aamue kama atamdunga sasa, atachagua dawa nyingine, au atasubiri azae, kwa kuwa vitoto huzaliwa vikiwa na manyoya na macho wazi na hupata utitiri kwa mama kwa kumgusa tu siku za mwanzo. Wakati unasubiri, mpe pera asubuhi na jioni, mtenge na wenzake lakini mahali anapoweza kuwasikia, na umtandikie majani safi. Ukishapata uzito wake na jibu la daktari, andika hapa, nami nitapita kila jioni kuangalia.