Video inacheza ofisini, ukumbini inagoma: usinunue Office nyingine

SWALI: Ndugu mtaalamu, mimi ni afisa ugani huku Sironko, Uganda. Niliandaa slaidi za PowerPoint kuhusu kukata mibuni (miti ya kahawa) iliyozeeka ibaki visiki ili ichipue upya, na katikati nikaweka video ya YouTube ya dakika sita. Ofisini ilicheza vizuri. Nilipofika kwenye ukumbi wa kanisa huko juu mlimani, mbele ya wakulima kama hamsini, picha ya video ilionekana lakini kila nikibofya panakuwa peusi tu. Nilimpelekea fundi laptopu pamoja na flashi yangu. Akasema Office yangu ni ya zamani na haina kodeki (programu ndogo ya kusomea video), akaniwekea programu ya kuchezea video iitwayo Flash Player, na sasa anataka shilingi 60,000 aniwekee Office mpya. Video bado haichezi nikiwa nje ya ofisi. Ninunue Office ipi?

JIBU: Ndugu afisa, usinunue yoyote. Office yako ni nzima. Kilichokosekana ukumbini ni intaneti, na fundi angeligundua hilo kwa dakika moja kama angekuuliza ofisini unatumia mtandao gani.

Swali hili naletewa na walimu, wauguzi, wachungaji, maafisa wa miradi, na karibu kila mara tatizo limejificha ndani ya neno moja: "niliweka". Mtu anabandika anwani ya YouTube, picha inatokea katikati ya slaidi ikiwa na kitufe cha kuchezea, basi anaamini video imeingia. Haikuingia. PowerPoint imehifadhi anwani na picha ya jalada. Ulichopanda nacho mlimani ni hivyo viwili tu. Video yenyewe ilibaki kwenye kompyuta za YouTube, na kila unapobofya inaanza kuvutwa upya kutoka huko. Ofisini mtandao upo, ikavutika. Kanisani haukuwepo.

Usiniamini kwa maneno matupu, jaribu mwenyewe leo. Nakili faili lako la slaidi, kisha kwenye ile nakala badilisha herufi za mwisho za jina, .pptx iwe .zip. (Kama herufi hizo hazionekani, ziwashe kwanza kwenye menyu ya View ya Windows.) Lifungue, ingia kwenye folda iitwayo ppt, kisha media. Humo utakuta picha zako zote: mbuni uliozeeka, msumeno, nembo ya wilaya, na picha ya jalada la ile video. Tafuta faili linaloishia na .mp4, ambalo ndilo faili la kawaida la video. Hulioni. Hata bila kulifungua, uzito wa faili ungekwambia, kwa sababu video ya dakika sita yenye picha safi hula makumi ya MB. Faili la slaidi lenye MB 3 haliwezi kuwa na video hiyo tumboni.

Wanaotumia Google Slides wasidhani wao wamepona. Hata ukiruhusu slaidi zako zifunguke bila mtandao, maandishi na picha vitafunguka, video haitacheza. Video uliyoihifadhi kwenye Google Drive nayo huvutwa kwa mtandao kwa njia ileile.

Utaniuliza kama hotspoti ya simu isingetosha. Mahali penye mtandao imara, ingetosha. Lakini umesema mwenyewe ni huko juu mlimani, na video inayosimama kila sekunde kumi mbele ya watu hamsini ni bora isiwepo. Halafu kuna matangazo. Nimewahi kukaa kwenye semina ambapo video ya mafunzo ilitanguliwa na tangazo la kamari, na mkufunzi akabaki amesimama akisubiri kitufe cha kuliruka. Tena, video ya mtandaoni huwezi kuikata ndani ya PowerPoint. Wewe huhitaji dakika zote sita. Unahitaji pale msumeno unapokata mshazari ili maji ya mvua yasituame juu ya kisiki, na pale machipukizi yanapochaguliwa. Hizo ni sekunde chache, na kuzikata kunawezekana tu kama faili la video liko mkononi mwako.

Ukishakuwa na faili la MP4 kwenye kompyuta, nenda Insert, kisha Video, kisha This Device, uichague. Tangu PowerPoint ya 2010, video unayoiingiza hivyo inakaa ndani ya faili la slaidi lenyewe. Matoleo ya 2007 kurudi nyuma yalikuwa yanaiunganisha tu kutoka folda ilipo. Dirisha la kuchagua video bado lina mshale mdogo kando ya kitufe cha Insert, wenye chaguo la Link to File. Usiuguse, utakurudisha kwenye shida ileile kwa mlango wa nyuma: utahamisha slaidi kwenye flashi na kuiacha video ofisini. Baada ya hapo ikate kwa Trim Video. Faili likiwa zito, tunza nakala ya kwanza, kisha kwenye File, Info, Compress Media chagua 720p. Kwa projekta na ukuta wa kanisa inatosha kabisa.

Sasa faili hilo litoke wapi? Hapa ndipo watu wanapopotea, na ndipo nisipokuwa na subira.

Kitufe cha kuhifadhi video kilichomo kwenye programu ya YouTube ya simu hakikusaidii, maana video inabaki imefungwa ndani ya programu hiyo, wala hutapata faili la kuingiza kwenye slaidi. Masharti ya YouTube yanakataza kuichota kwa njia nyingine bila ruhusa. Ndiyo maana zimezagaa zile tovuti za "bandika anwani hapa upakue bure". Fungua mojawapo uitazame kwa makini: vitufe vitano vya kijani vyote vimeandikwa Download, na vinne si vya video. Mtu anabofya kimojawapo, anapata faili linaloishia na .exe, analifungua kwa sababu ana haraka na semina ni kesho. Wiki inayofuata ananiletea flashi ambayo kila folda imegeuka kuwa njia mkato (shortcut) ya kirusi, na barua za ofisi nzima zimefichwa.

Wewe una bahati, kazi yako ina chanzo cha halali. Shirika la Access Agriculture lina video nyingi za mafunzo ya wakulima, zinapakuliwa bure, na nyingi zimetafsiriwa kwa lugha zetu, Kiswahili na Luganda zikiwemo. Anza huko. Kwa masomo mengine kuna Wikimedia Commons, hazina ya bure ya picha na video, na hazina ya video za NASA, shirika la anga la Marekani. Za Wikimedia mara nyingi huja katika mfumo wa WebM ambao PowerPoint nyingi hazipokei. Zigeuze kuwa MP4 kwa programu ya HandBrake au VLC, zote za bure. Kama hakuna inayofaa ila ile ya YouTube, mwandikie mwenye video umwombe faili. Wengi wanaofundisha kilimo hufurahi kuulizwa.

Lakini ningekuwa wewe ningepiga video yangu mwenyewe. Shika simu kwa ulalo, nenda kwenye shamba la mkulima anayejulikana na wenzake, umpige picha akikata kisiki kwa mkono wake na kueleza kwa lugha yake. Kwenye mipangilio ya kamera zima mfumo wa kubana video uitwao HEVC, ambao iPhone ilianza kuutumia tangu iOS 11 ya mwaka 2017 na simu nyingine nyingi zinao, kwa sababu kompyuta nyingi za Windows hukwama nao. Hamisha video kwa waya. Ukiipitisha WhatsApp kama video ya kawaida itabanwa hadi ukungu. Itume kama dokumenti.

Nirudi kwa fundi wako, kwa kuwa wako wengi wa namna yake kuliko unavyofikiri. Adobe, kampuni yenye Flash Player, waliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 programu yenyewe ikazuia kila kitu kilichotegemea Flash. Zamani video za YouTube kwenye PowerPoint ziliitegemea kweli, na maelezo ya miaka hiyo bado yamejaa mtandaoni, yakisomwa na watu wasiotazama tarehe. Anayekuwekea Flash Player leo amekuwekea programu mfu. Au mbaya zaidi, amekuwekea kitu kingine kilichovaa jina lake. Iondoe leo.

Na hiyo Office ya shilingi 60,000, muulize risiti na leseni viko wapi. Karibu kila Office ya bei hiyo niliyoikuta kwenye laptopu za watu iliwashwa kwa programu ya kuvunja leseni, na programu hizo huanza kwa kumtaka mtu azime antivirus. Mtu yeyote, awe fundi au tovuti, akikuambia uzime antivirus kwanza ndipo akusaidie, funga laptopu uondoke nayo. Hiyo ni mashine yenye orodha za wakulima wako, namba zao za simu na malipo yao ya mobile money.

Kabla ya kupanda tena mlimani, zima Wi-Fi na data ukiwa ofisini, fungua slaidi kutoka kwenye flashi, ucheze video hadi mwisho. Fanya hivyo kwa flashi mpya. Ile uliyomwachia fundi usiichomeke kwenye kompyuta yoyote ya ofisi mpaka ikaguliwe kwa antivirus, kwenye mashine isiyo na kitu cha kupoteza.