Msiuze baiskeli ya mzee, nasema kwa uchungu

Mtoa mada, huyo mteja wa baiskeli mwambie asubiri. Nimesoma uzi wako jana usiku nikashindwa hata kulala, mama watoto akaniuliza unagombana na nani gizani.

Kwa wasiosoma juu: baba yake ana miaka 66, wanakaa Makorora, goti linamsumbua, watoto wamekaa kikao wakaamua mzee APUMZIKE KABISA, msichana wa kazi kaletwa, baiskeli imeshapatiwa mteja, na jamaa anauliza mzee anunuliwe viatu gani vya kutembelea, ale nini, na eti maji ya bamia yanasaidia magoti? Hayo tutayafikia.

Hiyo "apumzike kabisa" ndo iliyonivunja mkono. Sitanii, mkono wenyewe huu wa kushoto, saivi mvua ikitaka kunyesha Tanga unanitaarifu kabla ya watu wa hali ya hewa.

Mimi nimestaafu 2018, miaka 60 kamili, fundi mitambo, na miaka 27 yote nilikuwa napiga baiskeli kutoka Mabawa kwenda kazini na kurudi, jua, mvua, kusi. Kama mwaka hivi baada ya kustaafu goti la kulia likaanza, asubuhi linakaza, ngazi ni kilio. Nikaenda duka la dawa, nikamkuta kijana kavaa koti jeupe, nami koti jeupe nikiliona huwa naona daktari, ndo ushamba wangu huo. Hakuligusa goti, alikuwa upande wa pili wa kaunta anakula muhogo, akaniambia "mzee goti limeisha mafuta hilo, ukizidi kulitumia mifupa itasagana, tulia nyumbani." Sasa we mafuta umeyaona wapi, ulipima kwa kijiti kama injini ya fuso? Akanipa diklofenaki, vidonge vya maumivu, nikawa nameza kama karanga za barazani, miezi, hakuna aliyeniambia kwamba kwa umri wetu dawa zile ukizizoea zinachoma tumbo, zinapandisha presha na figo nazo hazizipendi. Presha yangu ikapanda kweli, tukalaumu chumvi ya mama watoto, maskini.

Watoto nao wakanipenda, hapo ndo nilipokwisha. Wakaleta sofa moja laini ukikaa unazama mpaka kifuani, rimoti mkononi, chai naletewa, maji ya kuoga napelekewa. Mkubwa akaiuza baiskeli yangu, Phoenix nyeusi fremu kubwa, akasema "baba umefanya kazi inatosha." Hata sala nikahamishia kwenye kiti. Nikajiona mfalme. Miezi minane ya ufalme!

Usiku mmoja umeme umekatika nikaenda chooni. Choo chetu cha kuchuchumaa. Kushuka nilishuka vizuri tu, kushuka hata gunia la mkaa linashuka. Sasa kuinuka. Nasukuma, mapaja yanatetemeka kama jeli, hayapandi. Nikashika bomba la ukutani nijivute, bomba likang'oka, maji yakanipiga usoni, nikadondokea mkono nikasikia kah! Na mlango nimeweka komeo kwa ndani, manake mimi ni mtu wa heshima zangu. Ilibidi kijana wa bodaboda wa jirani auvunje mlango, nikatolewa mbele ya wajukuu nimefunikwa kanga ya bibi yao, na ile kanga maandishi yake siyataji hapa. Hogo wiki sita, fundi bomba, fundi mlango, na mtaa mzima wanakuja kunipa pole huku wanauma midomo wasicheke.

Goti lenyewe ndo halikuwa na kosa siku ile. Lililokuwa limekufa ni PAJA.

Hili nilielezwa na binti mmoja wa fizio, wale wa mazoezi ya viungo, nilipopelekwa kunyoosha mkono baada ya kutolewa hogo. Aliniangalia ninavyojivuta kutoka kwenye benchi akasema mkono tutaufanya baadaye baba, kaa kwenye kiti hiki, mikono ikunje kifuani, nahesabu sekunde 30, inuka na ukae mara nyingi uwezavyo. Nikapata 4, ya tano nikabaki katikati kama kuku anayetaka kutaga. Akaniambia mwanaume wa 60 mpaka 64 akipata chini ya 14 huyo ana hatari ya kuanguka, na wa 65 mpaka 69, yani rika la baba yako, mstari ni 12. Kisha akanipa kitu kikaniuma kuliko mkono: Marekani 2007 waliwalaza kitandani wazee wazima wasio na ugonjwa, siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguuni. Siku 10 jamani. Mimi miezi minane, piga hesabu mwenyewe.

Na mafuta ya goti ni hadithi. Kuna ute mle ndani, na lile gegedu la mwisho wa mfupa halina mishipa ya damu, linapata chakula kwenye huo ute goti linapokunjwa na kunyooshwa. Sasa ukilitia kwenye sofa unalinyima chakula, halafu paja lililokuwa likibeba uzito linanywea, mzigo wote unarudi kwenye goti lile lile bovu. Ndo akili ya yule wa muhogo hiyo.

Kwa hiyo KITI, narudia KITI. Kesho asubuhi mpe mzee kiti cha mbao, siyo cha plastiki kinateleza, kiegemee ukuta. Mikono kifuani, ainuke, ashuke taratibu akihesabu mpaka tatu, asijitupe, kule kushuka polepole ndo dawa yenyewe. Akishindwa weka mto juu ya kiti kipande kidogo, siku zinavyokwenda unautoa. Kumi, apumzike, kumi tena, siku tatu kwa wiki. Maumivu madogo yasiwatishe, ila goti likivimba au kesho yake limezidi basi mpunguze, na likiwa la moto limejaa na ana homa hilo siyo la kiti, hospitali. Kutembea nako kuzuri, Shirika la Afya Duniani wanataka dakika 150 kwa wiki, lakini wanaendelea kusema na mazoezi ya misuli na ya kusimama imara siku tatu kwa wiki juu yake, na hiyo sehemu ya pili watu wetu wa matembezi ya Raskazone hawaisikii kabisa, wakirudi wanajitupa kwenye sofa puu.

Mimi ilinichukua kama miezi mitatu nikafika 15. Siku niliyosujudu kwenye mkeka nikainuka bila kushika ukuta nilichelewa kutoa salamu, nilikuwa nalia, msinicheke.

Viatu, vyovyote visivyoteleza. Bamia nilikunywa mwezi mzima, faida niliyoiona ni safari za chooni, na choo ndo kile kile. Chakula umeuliza eeh, ale samaki, ale maharage, mbona Tanga samaki hawajaisha.

Msichana wa kazi abaki, ila chai mzee aifuate jikoni mwenyewe. Na baiskeli, aisee, yangu mpaka leo naiona barabara ya 9 pale Ngamiani imebebeshwa mkaa, tandiko limefungwa nailoni, jamaa nimemfuata mara mbili aniuzie hataki hata kusikia bei.